Viatu vya Wateja

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, mpiga picha wetu mkuu, ambaye hata walinzi wa getini humwita Mzee Bahasha, atastaafu baada ya kulitumikia gazeti hili kwa miaka thelathini na mmoja. Idara ya utawala imeniagiza mimi, msanifu kurasa niliyekaa naye meza moja muda mrefu, niandike wasifu mfupi wenye uchangamfu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe ya kumuaga. Nitajitahidi.

Aliajiriwa kupiga picha za mpira. Vita vilipozuka mpakani, wenye vyeo wote waliugua ghafla, huyu mgongo, yule presha, akatumwa yeye. Alikaa huko hadi vita vikaisha, akarudi na picha ambazo wengi wenu mmeziona, na sikio la kushoto lisilosikia kitu. Tangu hapo, kwenye vikao vya asubuhi hukaa upande ambao sikio hilo linamwelekea mhariri mkuu. Wahariri wakuu wamebadilika, kiti chake hakijabadilika.

Baada ya mpakani zikaja ghasia za mjini: maandamano, mabomu ya machozi, maduka kuchomwa, vijana kupigwa risasi mitaani kwao. Huko nako alitangulia yeye. Mkewe, shemeji yetu, husema aliolewa na mwanamume akaishia kuishi na begi la kamera. Hata harusi ya binti yao haikusalimika. Puto lilipasuka ukumbini, na kabla hatujajua kuna nini, baba wa bibi harusi alikuwa amemwangusha chini mama wa bwana harusi, mkwe na heshima zake zote, akimkinga kwa mwili wake. Ukumbi ulicheka mpaka machozi. Shemeji hakucheka. Alikwenda akamshika mkono, akamtoa nje.

Jina la Bahasha lilitokana na desturi yake. Katika kazi yetu hii, tusidanganyane, bahasha hupokewa. Yeye alizigawa. Kila alipopiga picha ya mtu aliyeumia au aliyekufa, alirudi baada ya siku chache na nakala ndani ya bahasha ya kaki, akaitafuta nyumba, akabisha hodi. Wengine walimfukuza, na mmoja alimmwagia maji. Wengi walimkaribisha ndani, kwa kuwa hawakuwa na picha nyingine ya mtu wao. Alituambia kwamba huwezi kuchukua sura ya mtu ukatokomea nayo.

Sasa nifike kwenye tuzo, maana nimeambiwa nisiisahau. Picha mnaijua; kikombe chake kiko mapokezi na hufutwa vumbi kila Ijumaa. Kijana amelala kifudifudi barabarani siku ya ghasia, viatu vimetapakaa kumzunguka. Mzee Bahasha aliituma akiwa bado ndani ya moshi, akaendelea na kazi. Huku ofisini mtu wa zamu akaona viatu, akaona ghasia, akajumlisha, akaandika chini yake kwamba huyo ni mporaji aliyeuawa akikimbia na viatu vya dukani. Nchi nzima ikasoma.

Siku chache baadaye Mzee Bahasha alibisha hodi na bahasha yake. Mama wa marehemu akamwonyesha kilichobaki: nyundo, gundi, sindano na uzi. Mwanawe alikuwa fundi viatu. Risasi zilipoanza alifunga kibanda na kubeba viatu vya watu, visije vikaibwa. Ukiitazama ile picha vizuri, utaona kila kiatu kiko peke yake bila mwenzake, maana mteja humwachia fundi kile kilichoharibika, na soli kadhaa zimebanduka. Mwizi gani huiba kiatu kimoja kimoja, tena kibovu?

Mazishini walikuja watu wa kuhesabika. Nani aende kumzika mporaji? Waliokuja kwa wingi ni wateja, wiki iliyofuata, wakidai viatu vyao, ambavyo polisi walikuwa wamevishikilia kama ushahidi wa wizi.

Mzee Bahasha aliliomba gazeti lisahihishe. Mhariri mkuu wa wakati ule alimwambia asubiri uchunguzi. Aliyemfuata alipanda jukwaani kupokea kikombe, baada ya mwenye picha kukataa kwenda, kisha akamwambia tuzo imeshatolewa, tusijipake matope wenyewe. Wa sasa anasema jambo limeshapoa. Limepoa kwa nani, hakusema. Mimi hasira bado ninayo, na sina uchangamfu wa kutosha kuifunika.

Mtakapokuwa mnasoma haya, picha hiyo itakuwa imetundikwa juu ya jukwaa ndani ya fremu ya dhahabu, na maneno yaleyale chini yake. Utawala umeona huko ndiko kumheshimu. Kila mstaafu huruhusiwa kukaa mstari wa mbele na mgeni mmoja. Shemeji ameacha kiti chake, na atakayekikalia ni mama wa fundi viatu.

Kwa hiyo, mama yetu, usitazame juu. Fungua ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Kurasa nazipanga mimi, na hakuna mkubwa anayehangaika kusoma programu ya sherehe kabla haijachapwa. Picha ni ileile, maneno ni haya: Fundi viatu, aliyeuawa akiokoa viatu vya wateja wake. Hakuiba kitu. Gazeti lilisomwa na nchi nzima. Hiki kitasomwa na ukumbi mmoja, na kesho kitafungiwa karanga. Ndicho tulichoweza.

Mzee Bahasha, ahsante kwa kila mlango uliobisha. Tunakuombea afya njema wewe na shemeji, na usingizi usiokatishwa na puto. Juu ya meza yako nimekuwekea nakala za ziada za kijitabu hiki, kila moja ndani ya bahasha ya kaki. Kesho hutakuwa na mkubwa wa kumwomba ruhusa, na milango ya mtaa wa fundi viatu unaijua.