Mama Ndaya na Swali la Gesi Iliyo Kati ya Nyota

Tarehe 4 Julai 1992, Mama Ndaya Agar anastaafu baada ya miaka ishirini ya kufundisha kemia katika shule yetu ya sekondari hapa Kamina. Alipofika alituambia atakaa mwaka mmoja tu.

Alikuwa ametoka Ubelgiji, alikokuwa akiandika tasnifu ya udaktari juu ya gesi nyembamba iliyotanda kati ya nyota. Humo imo molekuli ya kaboni moja na haidrojeni moja, iliyopungukiwa elektroni moja. Kwa hesabu za wakati ule ilipaswa kuwa haba sana: gesi ile ni baridi mno kuiunda, na ikigongana na haidrojeni huharibika papo hapo. Lakini mwanga wa nyota ulionyesha kwamba iko kwa wingi. Mama Ndaya aliamini kuna mawimbi ya mshtuko yanayopita na kuipasha gesi moto. Zilibaki hesabu za kuthibitisha.

Alikuja kumzika baba yake kule Kabongo, akamkuta mama yake amepooza upande mmoja, na hakuna ndugu wa kumwachia; akamleta kuishi naye hapa Kamina. Kwa miaka tisa alimwogesha kabla ya kuja darasani, na saa ya mapumziko akakimbia nyumbani kumgeuza kitandani. Watoto wa askari wa Base, kambi ya jeshi la anga iliyo jirani, walimpa jina la Madame Gaz, yaani Bibi Gesi. Aliliitikia bila kinyongo.

Mama yake alifariki mwaka 1981. Baadaye mimi, mwalimu mwenzake, nilisafiri naye kwa treni hadi Lubumbashi kusahihisha mitihani. Katika maktaba ya huko alifungua jarida la ng'ambo: mawimbi, joto, hesabu, vyote vilikuwa vimeshachapishwa na wengine. Alisoma akiwa amesimama, akalirudisha rafuni. Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza kama anajuta.

“Miye najuta, Kapenda,” alisema. “Najuta sana. Na mama alikuwa mama yangu. Usiambie muntu.”

Leo ameniruhusu kusema. Tuliporudi alifundisha makala ile ile, akawataja walioiandika, akasema wamefanya kazi safi.

Katika kipindi chake cha mwisho, Émerence wa mwaka wa sita wa sekondari alimwuliza, “Madame, sasa ile swali iliisha?”

“Haikuisha. Walipima mwendo ya ile gaz, wakaona mawimbi peke yake haitoshe. Kuko kitu ingine, na hakuna mwenye anaiyua.” Akaweka chaki mezani. “Macho yangu haione tena muzuri. Ile swali, ikamate weye.”

Mama Ndaya anarudi Kabongo, katika nyumba ya wazazi wake ambayo sasa haina mtu. Asante, Mama, kwa yote uliyotupa na kwa yale uliyoyaacha ili ukae nasi. Mungu akupe siku za utulivu na afya. Tutakuja kukuona, na Émerence ameahidi kuja na hesabu zake, akusomee kwa sauti.