Siku Nilipomtaja Ekal Sokoni

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Na ndugu Waislamu mnaosoma, salaam aleikum, kwa maana hii habari ni yenu pia.

Alhamisi yangu ya kwanza katika kikundi cha kuacha pombe tulikuwa watu wanane, katika darasa la chekechea nyuma ya kanisa, mtaa wa Chechelesi. Guyo ndiye alikuwa anatuongoza, Mborana, zamani dereva wa lori, aliacha pombe kabla yetu sote. Karimi, Mmeru anayeuza mboga karibu na kwangu, ndiye alinishika mkono akanileta. Ekal alikuwa kijana wa Ngaremara, mchunga mbuzi, mama yake na mimi tumetoka boma moja. Na mimi Nakiru. Hao watatu wamenikubalia niwataje. Wengine wanne sikuwauliza, kwa hivyo siwataji, ingawa majina yao ninayajua mpaka ya babu zao.

Ndugu zangu, nilikunywa miaka mingi. Nilianza na busaa mume wangu alipokufa, nikamalizia na chang'aa. Kwetu nyumbani nyanya ndiye anampaka mtoto mchanga mafuta na kumwita jina. Binti yangu Esther alipozaa, nilikuja nimekunywa. Mikono ikatetemeka, mafuta yakaingia mtoto machoni, akalia sana. Esther akamchukua mikononi mwangu mbele ya watu wote. Kesho yake nilimwambia Karimi, nipeleke huko kwenu.

Huko tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Kila mtu anasema jina lake na vile pombe ilimfanyia. Mimi nikaanza kuuliza: wewe ni wa nani, mama yako ametoka wapi? Guyo akacheka.

"Nyanya, hapa jina moja linatosha."

"Jina moja ni la mbuzi," nikamwambia. "Mtu ana watu wake."

"Sawa. Lakini ukitoka kwa huu mlango, hujamwona mtu."

Nikaitikia, lakini sikuelewa. Kwetu ukikutana na mtu wako na umpite bila kumwita, umemtukana.

Wiki ya sita, nimekaa bila kuonja hata tone, nikaenda soko la mifugo. Nikamwona Ekal amesimama na wazee. Furaha ikanishika. Nikapaza sauti, "Ekal wangu wa Alhamisi! Bado hujarudi kwa chang'aa?"

Wazee wakageuka. Mmoja wao alikuwa mzee Lomuria, baba ya msichana ambaye Ekal alitaka kuoa, na siku hiyo ndiyo walikuwa wanachagua mifugo ya mahari. Mzee akamtazama Ekal kutoka kichwani mpaka viatu, akachukua fimbo yake akaondoka.

Alhamisi iliyofuata Ekal hakuja. Karimi akasema amesikia anakunywa tena. Guyo hakunigombeza, aliniambia tu, "Nyanya, yule kijana alituamini." Afadhali angenigombeza.

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mama mpishi wa chang'aa. Nasema ukweli mbele ya Mungu, nilikuwa naenda kunywa. Aliponiona akafurahi. "Mama Esther, ingia. Hapa hakuna mtu anakuuliza maswali."

Nikasimama mlangoni. Nikafikiri, huyu ananikaribisha vizuri hivi, na Ekal naye sasa hivi anakaribishwa vizuri hivi mahali, na ni mimi nimempeleka. Nikasema, Yesu, nishike miguu. Akaishika, ndugu zangu. Ilinirudisha nyumbani bila mimi kujua nimepita njia gani.

Asubuhi nikaenda Ngaremara. Sikuanza na Ekal, nilienda kwa mzee Lomuria. Nikakaa chini mbele yake, mimi mwanamke mzee, nikamwambia: "Mlevi ni mimi. Huyo kijana nilimjua huko kwa sababu na mimi niko huko. Alikuwa ameacha. Aliyemrudisha ni mdomo wangu."

Mzee akachora chini kwa fimbo yake. Halafu akasema, "Wakwe wangu wawili wanakunywa na wanasema hawanywi. Huyu anaenda mbele ya watu anasema anakunywa. Mwite."

Ekal akaja, macho mekundu, hataki kuniangalia. Mzee akamwuliza, "Hiyo Alhamisi yenu ni saa ngapi?"

"Saa nane."

"Ukienda, tutaongea mambo ya mbuzi. Usipoenda, usinisalimie."

Tukarudi pamoja mpaka barabarani. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Ata," kwetu ndiyo nyanya, "nikikuona sokoni tena nitajificha chini ya ngamia." Nikajua amenisamehe.

Alhamisi akaja. Alichosema siku hiyo ni chake, sikiandiki. Ameoa, na ni yeye ameniambia niandike jina lake kwa herufi kubwa. Mimi nimemaliza mwaka na zaidi bila kuonja. Esther akienda kazini ananiachia mtoto, hanipi masharti.

Asante Mungu, asante Guyo, asante Karimi. Wewe unayesoma na mikono yako inatetemeka, mtegemee Bwana, na uje. Hakuna atakayekuuliza wewe ni wa nani, hata mimi nimeacha kuuliza.

Shule yangu ni kidogo na nimeandika vile ninakumbuka. Kama ilikuwa wiki ya tano si ya sita, au mzee alisema kwa njia nyingine, mliokuwapo nirekebisheni. Lakini mniambie mlango ukiwa umefungwa.