Gibson Mghalu na Namba Zilizokuja kwa Simu Yake

Pasta, jamaa, majirani wa Mwatate, na nyinyi mliotoka Voi na sare zenu za kazi, maneno anayowasomea kijana huyu Titus ni yangu mimi, nyanya wa marehemu, mimi kalamu sikufundishwa, nimesema na Titus akaandika, na nimemkataza kupunguza.

Gibson Mghalu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1987, nyumbani kwangu hapa Mwatate, mtoto wa pekee wa binti yangu Wakio, ambaye Mungu alimchukua Gibson akiwa hajaanza shule, nikamlea mimi. Alisoma shule ya msingi kutoka 1994 hadi 2001, akamaliza sekondari 2005, na walimu walisema mtoto huyu anafungua vitu, na ni kweli, redio yangu aliifungua ikakaa vipande vipande kwa sinia mpaka nikaisahau, halafu akairudisha ikaimba.

Mwaka wa 2006 aliingia chuo cha ufundi Voi, akatoka 2007 na cheti cha umekanika, na tarehe 2 Februari 2009 akaandikwa kazi na kampuni moja ya kuuza magari mapya, tawi la Voi. Siku hizo aliweka bisibisi ndefu kwa injini, mpini kwa sikio, akasikiliza kama mtu wa simu, wateja wakimtania, "Fundi, imepokea? Inasemaje?" naye anawajibu, "Inasema wewe hubadilishi oili."

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa na Wakesho, wakabarikiwa Tryphena mwaka wa 2014 na Nicholas mwaka wa 2018.

Halafu magari yakabadilika, yakaja haya yenye kompyuta ndani, ambayo hata ukishajua ugonjwa wake huwezi kumaliza kazi mpaka makao makuu yakuruhusu, na ruhusa inakuja kwa jina la mtu mmoja aliyesomea. Mwaka wa 2019 kampuni ilimpeleka Gibson Nairobi kusomea, yeye peke yake, tukafurahi, nikachinja kuku. Hatukujua tunasherehekea nini. Tangu siku hiyo kila gari lililofungwa na kompyuta lilingoja namba za ruhusa ziingie kwa simu yake, awe kanisani, awe matangani, na mwenzake Musyimi, ambaye ni mtu mzuri na yuko hapa, alikuwa anapiga, "Gibu, nisomee hizo namba, huyu mteja ananiangalia kama nimemwibia."

Niliuliza mbona wasisomeshe wawili, Gibson akasema meneja ameahidi, "Vumilia, mwingine ataenda mwaka ujao." Mwaka ujao ulikuja, ukapita, ukaja mwingine.

Mwezi wa Septemba 2024 tumbo likaanza kumsumbua, chakula kikawa hakikai, na mwezi wa Novemba daktari wa Voi akaona uvimbe, akamwandikia aende Mombasa apasuliwe. Tarehe ya kwanza likizo ilikataliwa kwa sababu hakuna mwingine wa kupokea namba. Tarehe ya pili alikuwa ameshavaa viatu, gari la kubeba wagonjwa la upande wa Kishushe likaletwa likivutwa, limekataa kuwaka, akavua koti. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, na wewe ni mgonjwa." Akanijibu, "Nyanya, huko kuna mama wajawazito, na hili gari halijui mtu mwingine." Nilimkasirikia, na leo bado nimemkasirikia, kwa sababu alinishinda kwa maneno.

Alipasuliwa mwezi wa Machi 2025. Hata kwa kitanda simu ililia, muuguzi akamuuliza, "Wewe, hapa ni wodi ama ni gereji?" wodi nzima ikacheka, naye akacheka akishika kidonda, kisha akasoma namba. Alituacha tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi. Nilimuuliza daktari kama angepona akija mapema, hakuniambia ndiyo, hakuniambia hapana, na hilo ndilo ninalolala nalo.

Tunashukuru madaktari na wauguzi wa Voi na Mombasa, majirani mliolala hapa na kuteka maji, na wafanyakazi wenzake, hasa Musyimi, aliyemwosha na kumbeba. Kampuni tunaishukuru kwa jeneza na shada la maua.

Lakini juzi, Gibson akiwa mochari, namba ziliingia tena kwa simu yake, na sauti ya kutoka Nairobi ikamwomba Wakesho, mjane, awasomee. Wakesho alisoma, kwa adabu, mpaka mwisho, kisha akakaa chini. Meneja, nakuona hapo kwa hema, sikutukani, wewe ni mgeni wangu na chakula utakula. Simu hiyo sasa ninayo mimi na nimeizima. Magari yaliyoinuliwa kwa jeki huko Voi yatakaa yameinuliwa mpaka mpeleke mtu kusoma, na huyo msimpeleke peke yake, mpelekeni na mwenzake, ndio mmoja akiugua apate kwenda hospitali.

Gibson, mwana wa Wakio, hakuna anayekuita tena. Pumzika kwa amani.