Jina Nililoandika kwa Mkono Wangu

Jumamosi, tarehe kumi na nne. Ukungu ulikaa juu ya chai mpaka saa nne, halafu mvua ya mawe kidogo, halafu jua kama hakuna kitu kimetokea. Leo kwa chama chetu cha akina mama hapa Boito ilikuwa zamu yangu kushuhudia. Naandika vile nilisema, nisije nikaongeza chumvi baadaye.

Nilisema hivi:

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kusimama mbele. Shule niliachia kidato cha pili. Nikikosea mahali mnirudishe, maana wengine wenu mlikuwepo.

Nilikuja hapa kutoka Kisii nimeolewa, sina namba. Mliochuma chai mnajua hayo maneno: bila namba, karani hapimi majani yako. Kwa hivyo unachumia kwa namba ya mtu. Jirani yangu wa nyumba za laini, zile za wafanyakazi wa shamba, Mkipsigis wa hapa hapa, alinipa yake alipojifungua. Kikapu changu, jina lake. Hakuna aliyeona ni makosa. Tumefanya wengi.

Baadaye akaandikwa kazi ya usaidizi pale dispensari ya shamba: kufagia, kuchemsha vyombo, kupima watoto kilo. Siku ya pili akaniambia, "Enda wewe. Mimi nikiona damu naanguka." Nikaenda. Miaka mitatu. Nikajifunza kupima joto, kufunga kidonda, kuwasemea wazee wa kwetu wenye hawajui Kiswahili. Wote pale waliniita kwa jina la mtoto wangu, Mama fulani, basi.

Halafu chuo kimoja cha uuguzi kikasema kitachukua wasaidizi waliokaa kwa dispensari muda mrefu, hata kama hawana gredi kubwa, ili mashamba nayo yapate wauguzi wanaojua watu wake. Dispensari ipeleke majina. Mimi nilinunua viatu vyeusi kabla sijaambiwa kitu.

Orodha ikabandikwa. Jina langu halipo. La jirani lipo.

Nikaisoma: Chep, Kip, Chep, Kip, majina ya Wakipsigis. Nikasema, basi, wamepeana wao kwa wao. Nataka niwe mkweli. Chini kulikuwa na Mkikuyu mmoja na Wakisii wawili. Niliwaona. Niliwaruka.

Kutoka hapo kila kitu kikawa ushahidi. Jirani akicheka pale mferejini, ananicheka. Sista, muuguzi mkuu wa dispensari, akimsalimia mgonjwa kwa Kikipsigis, wananiongelea. Jirani akatuma mursik, yale maziwa yao ya mgando, kibuyu kizima. Kwa nini leo? Nikamwagia mbwa. Mbwa akalamba yote, akalala chini. Nikamwambia mume wangu, umeona? Ndugu zangu, mbwa alikuwa ameshiba. (Hapa walicheka sana, nikapoteza mahali nilikuwa.)

Niliacha kazi bila kuaga. Nikakaa kwa nyumba, hata vikombe sioshi. Mume wangu akauliza, "Sasa unangoja nini?" Nikamjibu, "Nangoja waseme ukweli."

Wiki ya tatu jirani akagonga mlango.

"Toka. Kuna mama wa kwenu huko dispensari na mtoto, na hakuna mwenye anasikia anasema nini."

"Si wewe ndiye umechaguliwa? Enda umsaidie."

"Weh! Utanitukana kesho. Mtoto amelegea kama kitambaa."

Nilienda, lakini nawaambia nilienda nikiangalia nyuma. Nilidhani wanataka nikosee mbele ya watu wapate sababu. Nikamkuta sista ameshika sindano ya malaria. Yule mama, mgeni, Kikisii tu, analia kitu kimoja tena na tena. Mtoto alikuwa amemeza vidonge vya presha vya nyanya yake, akidhani ni peremende. Nikasema. Sista akaweka sindano chini. Gari la shamba likawakimbiza hospitali kule Kapkatet, na mtoto akapona.

Tukiwa bado tunahema, sista akaniuliza, "Kwani wewe hukutaka chuo? Mimi nilipeleka kila jina lenye liko kwa daftari la kazi."

Nikacheka kwa dharau. "Lifungue basi."

Akalifungua. Ukurasa kwa ukurasa, miaka mitatu, jina la jirani yangu. Mwandiko wangu. Kila asubuhi nilikuwa naandika jina lake, vile tunafanya kwa chai, bila kufikiri.

Jirani alikuwa mlangoni. "Nilikuwa nangoja tuongee," akasema. "Nilituma hata maziwa."



Jirani angeweza kunyamaza. Kusema kungetufukuzisha sote wawili. Lakini tulienda chuoni watatu, sisi na sista. Mwalimu mmoja hakutuamini, na simlaumu. Akasema huenda tumeuziana nafasi. Jirani akamwambia, "Mwalimu, leta damu hapa uone vile nitaanguka." Wakanipa karatasi niandike lile jina mara kumi, walinganishe na daftari. Niliandika polepole, nikiogopa mwandiko utanikana. Walikubali, lakini mwaka huo nafasi ikapita. Nikangoja mwaka mzima. Sasa niko mwaka wa pili.

Sisemi ukabila hakuna. Uko, na hata chuoni nimesikia tukiitwa "wale wa laini." Nikiuona nitausema. Ila nitaangalia kwanza kama mkono wangu haumo. Na nyinyi mama zangu, mahali mnafanya kazi, andikeni majina yenu wenyewe.

Namshukuru sista. Namshukuru mume wangu, aliyeosha vikombe. Na jirani. Najiuliza mpaka leo, ningekuwa yeye, ningesema? Jibu silipendi.

Hapo nikakaa chini.

Tukirudi nyumbani jirani alikuwa amenuna. "Kila mtu alijua ni mimi."

"Sikutaja jina."

"Ungelitaja! Miaka mitatu ulilitumia bila kuniuliza, leo kwa kunisifu ndio unaona haya?"

Sijui kama alikuwa anatania. Nilimwangalia sana usoni, sikujua. Lakini alikuja na watoto wake, tukala ugali na mboga ya managu, na mayai mawili tuliyogawa kwa watoto wanne.