Mashine Iliyozimika Kila Ikilazwa

Saa nne ya asubuhi ilimkuta Papa Kataliko amepiga magoti mbele ya kompyuta yake, saa nzima sasa, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, bisibisi mdomoni, matako yakitazama barabara na kijiwe chote kikitazama matako. Alikuwa amefungua skrubu kumi na moja. Alikuwa amepuliza, amefuta, amechomoa kila kilichokubali kuchomoka na kukirudisha mahali pake, na mara mbili alikuwa ameieleza mashine, kwa Kifaransa cha heshima, kwamba yeye ni mtu aliyefika Dubai na hakuna bati litakalomfanya mjinga. Mashine haikuwaka. Ndipo Mama Colette, muuza kahawa, alipoingia kuchukua sukari yake aliyoiweka mle ndani isilowe, akatazama ukuta, akatazama sakafu, kisha akauliza kwa upole kama ile kamba nyeusi iliyolala chini haikupaswa kuwa ndani ya prizi. Asumani, mmoja wa wanakijiwe, alikuwa ameichomoa tangu alfajiri ili achaji betri ya redio yake, akasahau kusema.

Papa Kataliko aliinuka taratibu, akapangusa magoti.

— Nilianza na ndani kwanza, alisema. Inje ingefuata. Kule Dubai njo banafanya vile.

Kijiwe hakikucheka. Kilifanya jambo baya zaidi: kilimsogezea nafasi ya kukaa.

Kijiwe chenyewe kilikuwa kiti cha behewa la daraja la pili, cha ngozi ya kijani iliyopasuka, kilichoegemezwa kwenye ukuta wa secrétariat public ya Papa Kataliko, kile chumba chake cha kuchapia watu barua na makaratasi, nyuma ya soko kuu la Kisangani. Aliyekileta ni mzee Hubert, aliyeitumikia reli ya Ubundu miaka ishirini na sita. Treni iliposimama kwa ajili ya vita, Hubert aliona kwamba ikiwa treni haiendi, basi angalau kiti kiendelee kubeba watu. Tangu hapo akaitwa Chef de Gare, mkuu wa stesheni. Asumani alikuwa mtu wa toleka, akipakia abiria nyuma ya baisikeli, naye aliitwa Frein kwa sababu breki ndicho kitu pekee ambacho baisikeli yake haikuwa nacho. Papa Kataliko, mfanyabiashara kutoka Butembo, aliitwa Dubai. Alikaa Dubai siku nne. Kuzisimulia kulikuwa kumemchukua miaka sita na bado hajafika siku ya tatu. Mama Colette hakuwa na jina la utani, maana ndiye aliyeshika birika.

Kompyuta ile Dubai aliiunga kwa mikono yake mwenyewe: sanduku la Kampala, matumbo ya Dubai, kioo cha ofisi moja ya kahawa iliyofungwa. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliuawa mwaka uliotangulia, katika zile siku sita majeshi mawili ya wageni yalipopigania mji usio wao. Kipande cha bomu kilitoboa ukuta kikaingia ndani ya mashine kama disketi. Dubai akaapa. Ya pili aliilaza kwenye kona ileile, katikati ya magunia ya mchanga wa mto: kushoto, kulia, nyuma, na moja juu, ikabaki nafasi ya kupitisha kidole tu kwa mbele, kioo na kibodi vikikaa nje kwenye kigoda. Hakuna aliyeona ajabu. Mama Colette alikuwa na magunia yake kando ya kitanda, fundi wa jirani ameyazungushia cherehani yake. Yalikuwa yamekaa hapo muda mrefu hata macho yakayazoea, kama vile mtu asivyoiona pua yake mwenyewe.

Na mambo hayo yangebaki mzaha wa kijiweni kama si Aimée.

Aimée alipaswa kumaliza chuo kikuu mwaka wa tisini na nane. Vita ikaingia mjini kabla yeye hajaingia mbele ya walimu wake. Miaka mitatu alibeba mémoire yake, kitabu kile cha kuhitimisha masomo, imeandikwa kwa mkono katika madaftari manne, akikimbia nayo kila walipokimbia. Ilieleza jinsi wamama wa Yanonge wanavyokausha samaki. Sasa profesa wake alikuwa amepatikana, lakini Jumapili angepanda ndege ya Goma, na hakutaja siku ya kurudi. Alitaka kurasa themanini zilizochapwa, Jumamosi saa sita ya mchana, la sivyo basi. Leo ilikuwa Ijumaa. Aimée alikuwa amefika ukurasa wa hamsini na tisa. Na tangu Jumatatu mashine ilikuwa inazimika yenyewe, bila kuaga. Kioo kinakuwa cheusi, na maneno yasiyowahi kuwekwa kwenye disketi yanakwenda zake.

Kamba iliporudishwa kwenye prizi, kompyuta, ikiwa sasa imepandishwa juu ya meza, imeachama tumbo wazi, iliwaka vizuri. Aimée akachapa kurasa nne mfululizo. Dubai akatembea kifua mbele, akaeleza kwamba ni ile kupuliza. Kisha akafunga skrubu zote kumi na moja, akaibeba kama mtoto mchanga, akailaza katikati ya magunia yake, akaweka na lile la juu. Baada ya dakika ishirini sauti ya Aimée ikasikika kutoka ndani, ndogo, isiyo na hasira tena:

— Papa Dubai, imekufa.

Kijiwe kikakaa kikao.

Chef de Gare ndiye aliyeanza, kwa haki ya kuwa na kiti. Alisema kosa ni la umeme. Umeme wa mto Tshopo unafika mjini umechoka, na chuma chochote kikipewa nguvu iliyochoka kinasimama njiani. Yeye ameona locomotive zikisimama katikati ya msitu kwa sababu hiyohiyo.

— Lakini pa meza ilitembea, akasema Frein. Umeme ni uleule.

— Pa meza iko kituoni, mutoto yangu. Kila mashine inatembea muzuri ikiwa kituoni. Ile kona iko safari. Dua la kuku halimpati mwewe.

Wakatikisa vichwa, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuuliza kuku ni nani.

Dubai alikataa. Yeye alijua ni unyevu. Mji umekaa juu ya mto, ukuta wa kona ile unatoa jasho, na vyombo vya Dubai vilizaliwa jangwani. Akatafuta turubai la plastiki, lile walilogawiwa watu ambao nyumba zao zilipoteza mapaa, akaizungushia mashine mara mbili chini ya magunia. Ikawaka. Aimée akachapa kwa vidole vyote, kichwa chini, kama mtu anayevuka mahali penye wavamizi. Ikadumu dakika kumi na mbili.

— Iko na homa, Aimée alisema kutoka mlangoni. Niliigusa. Iko moto sana.

— Alors, nilisema nini, alidakia Mama Colette, ingawa hakuwa amesema kitu. Mimi nilisikia kwenye redio, mashine zinashikana virusi. Virusi iko virusi. Mutoto akiwa na homa, unamufunika mpaka atoke jasho.

Akaleta blanketi lake mwenyewe, la sufu nzito. Dubai alihisi kitu kikimkwaruza nyuma ya kichwa, wazo fulani lenye sura ya kufahamika, kama mtu unayekutana naye sokoni ukakosa jina lake. Lakini mtu aliyefika Dubai hawezi kumkatalia mama blanketi. Wakafunika, wakakunja pembe. Dakika saba.

Aimée alitoka, akaketi kwenye ncha ya kiti cha treni na daftari lake la nne mapajani. Hakulia. Alihesabu kwa sauti ya chini, si kwa ajili yao: sitini na nne. Zimebaki kumi na sita. Dubai akatazama mahali pengine. Alikuwa amemwahidi binti huyu tangu Jumatatu, kila siku kwa maneno mapya.

Ndipo Frein alipovua kofia yake, na kijiwe kikajua kwamba sasa yanakuja makubwa.

— Miye nitasema, na musikasirike. Ile mashine ya kwanza ilikufia wapi?

Akaielekeza kofia chumbani.

— Pale kona. Nani aliilia? Hakuna. Dubai aliitoa kwa toroli, akaitupa, kesho yake akalalisha ingine pa kitanda ya mufu. Hata mutu hawezi lala vile. Pa meza inaishi, pa kona inakufa. Mulishaka kujiuliza ni juu ya nini iko vile? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama Colette akajishika kifua. Dubai, kwa upande wake, alijua hesabu, alijua mfumo wa volti, aliwahi kusimama mbele ya ngazi inayopanda yenyewe na akaipanda bila kuanguka zaidi ya mara moja. Lakini jambo moja katika maneno ya Frein lilikuwa kweli tupu, hata mwerevu asingelikana: pa meza inaishi, pa kona inakufa. Akavua kofia yake.

Waliingia wote wanne, Aimée nyuma yao, wakapanga viti mbele ya kona. Chef de Gare alisema maneno machache juu ya marehemu, kwamba alikuwa na sauti kubwa lakini alichapa vizuri, na kwamba alikwenda siku ambayo watu wengi walikwenda, ndiyo maana hakuna aliyepata nafasi ya kumlilia. Alikuwa ameanza kwa mzaha. Alipofika kwenye watu wengi sauti ilimgeuka, na kwa muda kidogo hakuna aliyejua tena wanamlilia nani.

Ndipo akaingia mwanamke mwenye kitunga kichwani, miguu yake ina matope ya bandarini. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa pirogi, mtumbwi wa mto, kutoka Yanonge. Aliona vichwa wazi, aliona blanketi limefunika kitu cha urefu wa mtoto, akashusha kitunga bila kusema, akajifunga kitenge kiunoni, akaketi chini pamoja nao na kuanza kulia, kwa adabu, kama inavyompasa mgeni.

— Mama, akanong'ona Aimée, akimtambua mmoja wa wale wakausha samaki aliowaandika. Mama Émilie. Iko mashine.

Émilie akapangusa macho.

— Nani amekufa?

— Mashine, alisema Dubai, na neno hilo halikuwahi kumtia aibu kama siku ile. Ile inaandika mémoire ya mutoto.

Wakamweleza, kila mtu kwa zamu na wengine nje ya zamu: umeme, jangwa, virusi, kitanda cha marehemu. Émilie aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea kwa magoti, akainua pembe ya blanketi, akapitisha mkono kati ya magunia kama anavyoupitisha kila siku ya Mungu kwenye tanuri la samaki kule kijijini, akauacha humo kidogo, akautoa haraka.

— Hapa munakausha samaki gani?

Akapuliza vidole vyake.

— Miye naona tanuri, aliendelea. Lakini tanuri yangu iko na tundu ya kutokea joto. Hii yenu haina. Samaki ukimufunga hivi, hakauki, anakuwa makaa.

Dubai akahisi lile wazo la sokoni limegeuka na kumwonyesha uso. Nyuma ya mashine kulikuwa na feni ndogo. Aliifunga yeye mwenyewe kwa skrubu nne, akaisifia, akamwita kila mpita njia aje asikie inavyovuma. Kazi yake moja duniani ilikuwa kutoa joto. Na yeye, mtu wa Dubai, alikuwa ameiziba pua kwa gunia la mchanga, halafu turubai, halafu blanketi la Mama Colette, halafu akaivulia kofia.

— Bon, alisema, akaketi. Bon.

Blanketi likatoka, turubai likatoka. Lakini hapo kwenye magunia mikono ikasita. Frein aligusa moja, akaliacha. Hata Aimée, mwenye kurasa kumi na sita na saa zinazokwenda, alisimama tu akiyatazama.

— Na kuiweka pa meza? aliuliza Émilie.

— Meza inaangaliana na dirisha, mama, alisema Dubai. Ile ya kwanza, kipande kilipita pa ukuta. Dirisha je? Mashine ya tatu siko nayo. Hakuna mwingine mwenye nayo mtaa huu. Na juzi risasi ililia upande wa kiwanja cha ndege.

Chef de Gare alisema ile ilikuwa ni furaha ya askari waliolewa. Frein akasema furaha nayo inatoboa mabati. Mama Colette akasema redio imetangaza wamesaini amani. Chef de Gare akajibu kwamba mwaka jana pia redio ilitangaza hivyo, nao wakapika wali, na kabla wali haujapoa mabomu yakarudi.

Émilie aliwatazama mmoja mmoja.

— Mimi natoka mbali, sijui habari ya mujini. Muniambie tu: vita imeisha, ao bado?

Frein alitazama Chef de Gare. Chef de Gare alitazama Mama Colette. Mama Colette akainamisha birika ili apate la kufanya. Likatoa matone matatu ya kahawa, kisha pumzi.

Émilie akapiga magoti, akakumbatia gunia la juu, akaliinua. Dubai akashika ncha ya pili, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kama anamsaidia au anamzuia.

— Na bomu ikikuja, mama?

— Ikuje. Ikute mutoto amemaliza.