Kigoda cha Mwalimu Micah Kosgei

Micah Kosgei alizaliwa Aprili 1922 huko Rongai, kwenye shamba la mzungu ambako baba yetu alichunga ng'ombe. Anayewasomea ni mimi Kemboi, kaka yake mkubwa.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1930. Mimi nilibaki na ng'ombe, na jioni alinifundisha herufi kwa kijiti mchangani. Nikikosea hakucheka. Alisema tu, "Uliza tena, kaka."

Mwaka 1944 alikwenda chuo kikuu Kampala kusomea kilimo, na mwaka 1950 akaajiriwa hukohuko kufundisha. Wanafunzi wake walinyamaza darasani, vile sisi sote tulilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Basi likizo moja alibeba kigoda cha marehemu baba kutoka nyumbani, akarudi nacho Kampala, akakiweka mbele ya darasa. Anayekikalia, akawaambia, ni mzee, na mzee huuliza. Alisahau kwamba kwetu kijana hakalii kigoda cha mzee. Wiki nzima hakuna aliyekisogelea.

"Mwalimu, babangu akisikia nimekaa hapo, nitalala nje," akasema mwanafunzi mmoja, Kipsang.

"Babako yuko Molo. Kaa, uliza."

Micah mwenyewe akaketi sakafuni. Kipsang akakaa, akauliza kwa nini ngano ya kwao inashikwa na kutu, ule ugonjwa wa majani. Tangu siku hiyo kigoda hakikupoa.

Alimwoa Chelagat kanisani Njoro tarehe 13 Desemba 1952, wakajaliwa watoto wawili.

Agosti hii, akiwa nyumbani likizo, tumbo lilimshika. Nilimpeleka hospitali Nakuru mjini. Daktari akampa dawa, akaniambia, "Akibadilika, mrudishe upesi. Una swali?"

"Hapana, bwana daktari." Niliona haya, na viatu vyangu vya matope.

Njiani Micah akaniuliza, "Ulimuuliza nikibadilika vipi?"

"Nilimuuliza."

Siku ya tatu maumivu yaliisha ghafla. Nilifurahi, nikampikia uji. Kumbe hayo ndiyo mabadiliko yenyewe. Tumbo lilikuwa limepasuka ndani. Tulipomrudisha tulikuwa tumechelewa. Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 20 Agosti 1958.

Ameacha mjane wake Chelagat, watoto wake Jerop na Kiplagat, mama yetu Jepchumba, na mimi.

Chelagat, shemeji yangu, nakwambia mbele ya watu hawa: sikuuliza. Kigoda kiko hapa kando ya kaburi. Mwenye swali kwangu akikalie, hata awe mtoto, nami nitamjibu.

Micah apumzike kwa amani. Kunyamaza sasa ni haki yake, si yangu.