Siku Ambayo Baiskeli Haipo: Maisha ya Mzee Ambwene Mwaisumo, Mtu wa Maabara

Wapendwa mliokuja kumsindikiza mzee wetu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Najua baadhi yenu mmeguna kuniona nimeshika karatasi hii. Mimi ni Kisa, mke wa Eliya, mkamwana wa marehemu, na kwa mila yetu Wanyakyusa mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe wake. Lakini marehemu aliandika kwa mkono wake kwamba wasifu huu usomwe na mimi, na kwamba kisonono kitajwe kwa jina lake. Mume wangu ameridhia, mama mkwe wangu ameridhia. Mchungaji aliguna kidogo, kisha naye akaridhia.

Marehemu Ambwene Yohana Mwaisumo alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 hapa Mwaya, mtoto wa tatu kati ya saba wa wakulima wa mpunga na ndizi. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari Mbeya. Mwaka 1984 alihitimu mafunzo ya maabara. Alifanya kazi Mbeya, kisha Tukuyu, na tangu mwaka 1998 alihudumu katika kituo cha afya cha jirani hadi alipostaafu Mei 2021.

Kazi yake aliipenda kupita kiasi. Vijidudu vya kisonono ni vigumu kufuga: havitaki baridi, havitaki hewa ya kawaida, na chakula chao ni damu iliyopashwa moto hadi ikawa ya kahawia. Wenye maabara hukiita chokoleti. Kabla kituo hakijapata vifaa, marehemu alivifuga ndani ya chupa kubwa ya peremende aliyopewa na Bwana Badru, mwenye duka pale Kyela mjini, akiwasha mshumaa ndani na kufunga kifuniko ili hewa ibadilike. Mzee Sylvester, mkulima wa kakao, aliposikia habari ya chokoleti alimletea kopo la kakao yake akasema, "Wape hii, ya dukani itawaharibu matumbo." Marehemu alimshukuru sana. Kakao hiyo aliinywa mwenyewe.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Subilaga, binti wa mfinyanzi wa Ikombe, aliyekuja kwa mtumbwi na vyungu sita; kimoja bado kinapika maharage ya nyumba hii. Walijaliwa watoto watatu: Eliya, Andongwisye na Godwin. Mimi niliolewa na Eliya mwaka 2016. Tangu siku ya harusi sikukutana uso kwa uso na marehemu. Nikimwona njiani, nilichepuka shambani. Akitaka kunisalimu, alimtuma mama mkwe. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na sikuiona kuwa mzigo hadi nilipougua.

Agosti 2018 nilikuwa na maumivu ya tumbo na miaka miwili ya ndoa bila mtoto. Nilikwenda kituoni kwa sababu nilijua marehemu yuko Mbeya kwenye mafunzo. Muuguzi Tusajigwe alinichukua sampuli, akaipa namba 31 bila jina. Majibu yakawa kisonono. Eliya naye akapimwa, akawa namba 32. Tukapewa dawa sote wawili, na Tusajigwe akaniambia, "Rudi baada ya wiki mbili tuhakikishe dawa imefanya kazi."

Nilirudi. Nikaona baiskeli ya marehemu imeegemea ukuta wa maabara, nikageuka. Nikarudi juma lililofuata, baiskeli ipo, nikageuka. Mara ya tatu sikufika hata getini. Nikajisemea, dawa ya hospitali haikosei, nimepona. Lilikuwa kosa langu.

Desemba maumivu yalirudi makali. Tusajigwe alinifuata sokoni Ipinda, nikaenda kupimwa nyumbani kwake: kisonono tena, sampuli namba 58. Eliya alikuwa hajasafiri tangu Agosti. Habari ikavuja, watu wakajumlisha, na hesabu yao ikaangukia kwangu. Nilikuwa nauza mchele Ipinda kila wiki, basi ikasemwa nimeupata huko. Mama mkwe wangu, ambaye leo ndiye aliyenifunga kitambaa hiki kichwani, alisema maneno mazito, na yeye mwenyewe amesema niyataje. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumamosi, tarehe 16 Machi 2019. Ajenda ilikuwa moja: nirudishwe kwetu.

Marehemu hakujua namba 58 ni nani, wala 31. Yeye alijua jambo moja tu, kwamba wagonjwa wa kituo chake walikuwa wakirudi na kisonono baada ya dawa. Kwa hiyo alikuwa amehifadhi vijidudu vya kila namba na kuvituma Dar es Salaam, kwenye maabara inayosoma vinasaba. Huko hawaulizi kama mtu ana kisonono. Wanauliza ni kisonono cha ukoo gani, kimetembea kutoka wapi hadi wapi, na dawa gani hakiiogopi. Majibu yalifika Ijumaa, siku moja kabla ya kikao. Tusajigwe, aliyeshika majina, alikuja kwangu mbio, akaniuliza kama anaruhusiwa kumwambia mzee. Nikamwambia, mwambie, sina cha kupoteza.

Kesho yake wazee walikaa sebuleni. Mimi nilikaa jikoni, mlango umerudishwa. Marehemu aliomba kusema wa kwanza, akageuza kiti akaukabili ukuta, ili sauti yake inifikie bila macho yake kunifikia.

"Ninyi mkipewa mchele wa Kyela na mchele wa kwingine, mtautofautisha?" aliuliza.

"Hata gizani," mzee mmoja alijibu.

"Basi na vijidudu vina mbegu yake. Mwambieni mkamwana wangu kwamba ugonjwa wa Desemba ni mbegu ileile ya Agosti. Haukuja mwingine. Dawa tuliyompa haikuua, na aliyemwambia atapona ni sisi wenye makoti meupe. Kama ni aibu, tuigawane."

Mtu akauliza, "Na huo wa Agosti, nani aliuleta?"

"Kipimo hakisemi nani alianza. Kinasema tu kwamba wote wawili walikuwa na mbegu moja, na mbegu hiyo imeonekana sana mpakani na Zambia."

Kisha nikasikia sauti ya mume wangu: "Baba, ni mimi. Nilipokwenda Tunduma, mwezi wa saba."

Jamani, nilikaa chini sakafuni, nikapumua. Eliya aliniomba msamaha siku ile mbele ya ukoo mzima, na sikumpa siku ileile, msije mkadhani mimi ni malaika. Nilimpa baadaye. Tulibadilishiwa dawa, tukapimwa tena Aprili, tukawa wazima. Mwanetu Gwamaka alizaliwa tarehe 20 Februari 2020. Ndiye yule anayevua viatu pale mbele.

Baada ya kikao marehemu alimtuma mama aniulize kwa nini sikurudi kupimwa. Nikajibu ukweli: niliona baiskeli. Mama anasema mzee alianza kuhesabu ni wanawake wangapi wa Mwaya wanaomheshimu kama baba mkwe, kwa damu au kwa rika. Alifika arobaini akaacha. Tangu wiki ile, kila Alhamisi alikwenda kazini kwa miguu na kujifungia chumba cha nyuma, na Tusajigwe akapokea wagonjwa peke yake. Habari ilienea bila tangazo: baiskeli haipo, nendeni. Wengi wenu mlioketi upande huu mnaijua Alhamisi ile, wala siwataji.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa Mbeya, akaomba kurudi nyumbani. Miezi ya mwisho maumivu yalikuwa makali, nami nilimsomea Zaburi nikiwa upande wa pili wa pazia. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Tumelia, na tumeshukuru pia, kwa kuwa maumivu yale yamemwacha.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakamwana wawili na wajukuu watano.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, mama alinishika mkono akasema, "Njoo umwone, amekuruhusu." Nilipofika mlangoni niliona baiskeli imeegemea ukuta. Miguu ilitaka kugeuka kwa mazoea. Sikugeuka. Nimeuona uso wake kwa karibu kwa mara ya kwanza, na Gwamaka amefanana naye kabisa.

Ndaga fijo, tata; asante sana, baba. Lala salama kwa Bwana.